Madabodi ya Nusu Sanduku

Mwaka ule dada yangu alinipigia simu kutoka Moshi kuniambia kwamba baba ameanza kuandika nyimbo ukutani.

Alikuwa anatumia mkaa. Ukuta wenyewe ni wa stoo, nyuma ya jiko, dada aliupaka chokaa kabla ya Pasaka, na sasa ulikuwa umejaa herufi kubwa kama viganja: d, r, m, f, s, na nukta zake katikati. Aliyekulia kwenye kwaya za Kilutheri za kwetu hahitaji kuelezwa. Wengine niwaambie tu kwamba kwetu wimbo hauandikwi kwa yale mayai yenye mikia ya noti za Kizungu. Unaandikwa kwa herufi, do ni d, re ni r, na ukikosea nukta moja, sauti ya pili inafika mwisho wa ubeti wakati ya kwanza bado iko njiani. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu na mwalimu wa kwaya aliyekataa kustaafu. Presha ya macho ilikuwa imemaliza jicho moja na sasa ilikuwa kwenye la pili. Daktari wa hospitali ya rufaa alisema dawa ya matone itachelewesha tu, kilichokwenda hakirudi. Maandishi ya kwenye karatasi baba alikuwa hayaoni tena. Ya ukutani alikuwa anayaona.

"Vitunguu vyangu viko nje," dada alisema. "Stoo siingii. Nikigusa ukuta tu namfutia wimbo."

Nilicheka, lakini si kwa muda mrefu. Baba alikuwa na nyimbo nyingi kichwani ambazo hajawahi kuziandika, na sasa alikuwa anashindana na jicho lake.

Dada alikuwa katibu muhtasi, na wazo lilikuwa lake. Ofisini kwao kulikuwa na kompyuta, na kwenye kompyuta herufi unaikuza utakavyo, hata moja peke yake ijaze kioo kizima. Kioo angeweza kupata cha mitumba Arusha. Kasha lenyewe, lile lenye akili, ndilo lilikuwa taabu kulipata. Nikamwambia, "Hilo niachie mimi." Nilisema hivyo nikiwa sijui hata kompyuta inafunguliwa upande gani. Ndivyo nilivyo, mdomo unatangulia halafu miguu inaufuata.

Aliyejua ni mume wangu. Tulikuwa tunakaa Adelphi, Marekani, kwenye magorofa ya karibu na University Boulevard, ambako ukisikia harufu ya chakula ngazini huwezi kujua ni cha nchi gani. Mimi nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Yeye, Mkenya wa upande wa Nakuru, alikuwa anapitisha nyaya za kompyuta kwenye dari za maofisi huko Gaithersburg, na akirudi jioni anaunda kompyuta zake mwenyewe juu ya meza yetu ya chakula, hata tukazoea kula tumepakata sahani. Miaka ile watu walikuwa wanasema kompyuta zote duniani zitazimika siku mwaka elfu mbili utakapoingia. Yeye alikuwa anacheka tu na kuendelea kukaza skrubu.

"Tutamjengea mzee mashine ya nguvu," aliniambia. "Kitu ya maana."

"Ijenge, lakini iwe ndogo."

"Ndogo aje?"

"Ya nusu sanduku."

Maana mzigo wa nyumbani haukuwa unaenda kwa posta, ulikuwa unaenda na mtu. Ukisikia fulani anasafiri, unapiga simu, unasalimia kwa kirefu, unauliza afya ya kila aliyemo nyumbani, na mwisho kabisa, kama jambo limekujia sasa hivi, unauliza iwapo ana nafasi kidogo. Msafiri naye anajua tangu salamu ya kwanza unakokwenda, ila anakuacha umalize.

Msafiri wa msimu ule alikuwa mama mmoja wa Riverdale Park, mzaliwa wa Moshi mjini, mtu mzima aliyekuwa akilea watoto wa watu nyumbani kwake. Sisi wote tulimwita Mama, na alikuwa na sheria moja: habebi kitu ambacho hajakifungua akakikagua mwenyewe. Sheria hiyo ilikuwa na chanzo chake. Zamani alimpelekea mdogo wake mashine ya kusagia matunda. Ilichomekwa kwa mara ya kwanza siku ya ugeni wa posa, mbele ya wakwe watarajiwa, na kwa kuwa umeme wa kwetu una nguvu mara mbili ya ule wa Marekani, ikatoa cheche na moshi mezani. "Wageni wakaondoka juisi hawajainywa," Mama alikuwa anamalizia, kila mara kwa uchungu uleule.

Nilimwamkia, nikajieleza. Alinisikiliza hadi nilipofika kwenye ule ukuta wa mkaa, akanyanyuka, akafungua sanduku lake kitandani na kuchora kwa kiganja. "Kutoka hapa mpaka hapa ni pako, mwanangu. Huku kwingine kuna viatu vya watu." Nikachukua uzi wa kushonea, nikapima urefu, upana na kina, nikafunga fundo kila kipimo kilipoishia.

Ule uzi ndio tulioingia nao sokoni. Soko la kompyuta lilikuwa linafanyika baadhi ya wikendi kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo huko Gaithersburg, ndani ya mabanda marefu ambayo msimu mwingine yanakaa ng'ombe na nguruwe wa kushindanishwa. Meza zilipangwa kama mitumba, na watu wakipekua nyaya na makasha. Kasha dogo tulilipata mapema, jembamba, na mafundo yangu yakaliruhusu. Likaja na pawa saplai yake, kile kidude cha nyuma kinachopokea umeme kutoka ukutani na kuugawa ndani. Kazi ikabaki kwenye madabodi.

Madabodi ni ile sahani ya kijani iliyojaa njia za shaba, ambayo kila kitu cha kompyuta kinachomekwa juu yake. Mume wangu alikuwa ananiambia kwamba vingine vyote unaweza kubadilisha baadaye, lakini ukikosea madabodi umekosea nyumba nzima. Kwa kasha letu ilitakiwa ndogo, na ndogo zilizokuwa nzuri hazikuwa nyingi. Tulizunguka mabanda mpaka miguu ikanivimba. Nyingine ziliinama kama biskuti iliyolowa ukizishika pembeni. Nyingine vile vipipa vyake vidogo vya kutunza umeme vilisimama upogoupogo, utadhani vilipandwa gizani.

Mwishowe tulitulia kwenye meza ya mzee mmoja wa Kivietnamu, aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni. Alikuwa na mbili zilizofaa. Ya kwanza ilikuwa ya kiwanda ambacho mume wangu alikisifu, na ilikuwa tupu: ukitaka picha unachomeka kadi ya picha, ukitaka sauti unachomeka kadi ya sauti. Ya pili ilikuwa na vyote juu yake, picha na sauti, vimeunganishwa humohumo kiwandani.

"Hiyo ya pili wachana nayo," mume wangu alisema. "Kitu kimoja kikiharibika humo, board yote imekwisha. Na mzee anataka sauti ya nini? Anataka maandishi."

Hoja yake ilikuwa nzuri. Lakini nilichukua ile ya pili, nikaigeuza. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kwamba kitenge unakijua kwa mgongo wake, maana usoni kila kitenge kinapendeza. Mgongo wa ile madabodi ulikuwa safi, risasi ya kulehemu imetua mahali pake tone kwa tone, hakuna lililomwagikia jirani. Ilikuwa nene, haikuinama, na matundu ya skrubu yalizungushiwa pete za shaba. Niliigeuza na ile ya kwanza. Nayo ilikuwa safi, sikuona cha kuitoa kasoro.

"Hizo kadi zinashikwa na nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Zinachomekwa tu. Na skrubu moja."

"Unajua barabara ya kwenda kwa dada?"

Alikuwa anaijua. Tulipita huko baada ya harusi, na alilalamika mgongo wiki nzima. Kadi iliyochomekwa tu ingeanza kuchomoka kwenye mikono ya wapakuzi wa uwanja wa ndege na kumalizika kuchomoka njiani, na huko hakukuwa na mtu wa kufungua kasha na kujua kilichotoka ni kipi. Nilitaka kitu ambacho dada atakitoa kwenye sanduku, atakichomeka na kukiwasha. Yule mzee alikuwa anatusikiliza bila kuelewa neno. Nilipomnyooshea ile ya pili, aliiweka kando, akanifungulia nyingine ya aina hiyohiyo kutoka kwenye boksi ambalo halijaguswa.

"Sawa," mume wangu alisema. "Lakini ikikufa, ujue ni yako."

Aliiunda jioni hiyohiyo. Tulipoiwasha, niliandika wimbo wa kwanza baba alionifundisha utotoni, nikakuza herufi mpaka kioo kikawa hakina nafasi ila ya d moja nene, nyeusi, kubwa kama sufuria. Nikasimama upande wa pili wa sebule, nikafumba jicho moja na kulikunja la pili. Niliiona. Tukaifunga kwa kanga na sweta za watoto wa dada, tukampelekea Mama. Alitutaka tumwachie, atakagua kwa nafasi yake.

Jumamosi, Mama akiwa anaondoka kesho yake, dada alipiga simu kuomba kitu kimoja zaidi: aina fulani ya herufi nene ambayo baba anaisoma vizuri. Tukabeba kioo chetu, ambacho kilikuwa kizito kama gunia la mahindi, tukaenda Riverdale. Mama hakuwepo, alikuwa ameenda kumalizia zawadi zake. Binti yake mkubwa alitufungulia. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akanijibu, "She said go ahead, it's on the bed," akarudi kwenye televisheni yake.

Mume wangu alichomeka, akabonyeza. Kimya. Hakuna taa, hakuna feni. Alibadilisha waya, akabadilisha tundu la ukutani. Akafungua kasha, akakandamiza kila kilichoweza kukandamizwa. Kimya kilekile.

"Imekufa," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Si nilikuambia?"

Alilisema mara moja tu, lakini lilinitosha. Nilikasirika, na hasira yangu huwa haichagui. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia ile sahani ya kijani, nikamkasirikia hata binti wa watu aliyekuwa anacheka na televisheni yake. Nyuma ya hasira nilikuwa na hofu. Kama Mama angeondoka bila kasha, hatukuwa na habari za msafiri mwingine wa Moshi, na jicho la baba lisingesubiri msafiri.

"Soko lipo leo," nilimwambia. "Twende tukaibadilishe. Chukua ile yako."

Njiani, kwenye ile barabara kuu ya I-270, mume wangu aliendesha kama anayefukuzwa. Nilikuwa nimelipakata kasha. Nilikuwa nakubali kwamba nimechagua vibaya, na kukubali huko kulikuwa kuchungu, maana niliichagua kwa makini kuliko nilivyowahi kuchagua kitu chochote dukani. Kuliko hata mume, nilifikiri, ingawa siku ile sikuona huyo naye kama nilipatia.

Tulimkuta yule mzee wa Kivietnamu anaanza kufunga maboksi yake. Madabodi ya kwanza, ile tupu, ilikuwa bado mezani, na mume wangu aliishika kabla hata ya kusalimia. Alieleza. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwamba sawa, atabadilisha, lakini kwanza aone. Alifungua kasha letu, akachomoa plagi ya pawa saplai yetu kutoka kwenye madabodi, akachomeka ya pawa saplai yake ya mezani, akagusa kitu kwa ncha ya bisibisi.

Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka kwenye kona ya madabodi yangu.

"Hii ni nzima," mzee alisema. "Nzima kabisa." Akaligeuza kasha kuangalia mgongo wa pawa saplai. Hapo palikuwa na plasta, plasta ya kidonda, ile ya rangi ya ngozi, imebandikwa vizuri na kukandamizwa pembe zote. Mume wangu alikuwa ameipita mara zote akidhani ni kiraka cha kiwandani. Mzee akaibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na swichi nyekundu, ile ya kuchagua aina ya umeme, na ilikuwa imesukumwa hadi mia mbili na thelathini.

Tulitazamana. Kwa umeme wa Marekani, kasha lililowekwa hivyo haliwezi kuamka; linangoja umeme wa nguvu mara mbili ambao hauji.

"Mama," tukasema pamoja.

Mume wangu aliirudisha ile madabodi tupu mezani, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Mzee hakuelewa tulichokuwa tunachekea, lakini alicheka nasi, kisha akatupa plasta kwenye kopo lake la taka.

Mama tulimkuta amerudi, amevaa miwani, anapima sanduku kwenye mizani ya bafuni. Alipoona kasha mikononi mwangu alishtuka.

"Mmelitoa mzigoni?"

"Mama, shikamoo. Ile swichi nyekundu, ni wewe?"

"Marahaba. Ni mimi, nani mwingine? Mlikuwa mmeliacha kwenye umeme wa huku. Nililikagua, nikasema hawa watoto wanataka kumlipulia mzee wa watu. Nikasukuma, nikaweka plasta isijirudi njiani." Akatuangalia kwa zamu. "Plasta iko wapi?"

"Tumeitoa kidogo, Mama," mume wangu alisema. "Tunataka ku-load kitu, halafu tunairudisha kwa mia mbili na thelathini."

"Haya, wekeni, ila mkimaliza nataka kuiona kwa macho yangu. Kinga ni bora kuliko tiba."

Kumbe hata sisi tungesahau. Hilo tulikiri wote wawili usiku wa siku ile kitandani: katika kukagua kwetu kote, migongo, vipipa na matundu, hakuna aliyefikiria umeme wa nyumbani. Mume wangu alipomaliza kuweka zile herufi, Mama alileta plasta mpya kutoka kabatini, akaibandika mwenyewe na kuikandamiza kwa kidole gumba mpaka aliporidhika.

Kasha lilifika. Dada alilichomeka likawaka, na kwa muda mambo yakawa mazuri. Baba alikaa mbele ya kioo karibu kabisa, pua inakaribia kugusa, akipiga herufi kwa kidole kimoja. Stoo ikapakwa chokaa upya na vitunguu vikarudi ndani. Kila nilipopiga simu nilisomewa majina ya nyimbo zilizokamilika. Nilikuwa natamba kazini, nawaeleza wazee wangu wa Kimarekani habari za madabodi, nao wananisikiliza kwa adabu.

Lakini jicho lilikwenda haraka kuliko daktari alivyodhani. Herufi zikawa zinakuzwa na kukuzwa, mpaka siku moja dada akaniambia kwamba ameweka m moja tu, imejaza kioo chote, na baba akauliza kama umeme umekatika. Siku ile nililia kwenye chumba cha kufulia mashuka cha kazini, nimeegemea mashine, wala sikujificha. Mume wangu alinifuata na gari. Nilimwambia tumechelewa. Kazi yote ile, na tumechelewa.

Baada ya hapo sikupiga simu kwa muda. Niliogopa sauti ya baba asiye na kazi.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, simu ikalia. Ilikuwa dada. "Subiri, usikate," alisema, na nikasikia mkono wa simu unaburutwa na kuwekwa karibu na kitu. Kukawa na mkwaruzo. Kisha besi ikaanza, nzito, yenye pumzi fupi ya utu uzima, na niliitambua mara moja, ilikuwa ya baba. Sauti ya tatu ikaingia juu yake. Nayo ilikuwa ya baba. Ikafuata ya pili. Halafu ya kwanza, ile ya kina mama, ikiimbwa kwa sauti ya kichwani, nyembamba, inatetemeka kidogo, na hiyo pia alikuwa ni yeye. Wimbo sikuwa nimewahi kuusikia. Baba yangu alikuwa anaimba kwaya nzima peke yake.

Dada akarudi kwenye simu. Alikuwa amepata maikrofoni ndogo, akaona kuna tundu lake nyuma ya kasha, kumbe mashine inanasa sauti yenyewe. Baba anaimba sauti moja, dada anaicheza, baba anaimba nyingine juu yake. Wanakwaya wanakuja jioni, kila kundi linasikiliza sauti yake na kuondoka nayo. Nyimbo zote za kichwani zilikuwa zinatoka, na hakuna aliyehitaji kuona chochote.

Nilimpa mume wangu simu. Dada akamchezea tena toka mwanzo. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja kiunoni, mpaka mwisho.

"Hiyo ni ile sound ya kwa board," akasema, na akanirudishia simu bila kuniangalia.

Hakuna kati yetu aliyeichagua kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa nawaza mashimo ya barabara, naye alikuwa anawaza herufi.

Baba akachukua simu. Nilimwamkia, akaitika, akauliza kama nimesikia vizuri.

"Nimesikia, baba. Zote nne."

"Besi inachelewa kidogo kwenye ubeti wa pili," alisema. "Umeiona? Kesho nitairudia."

Nikamwambia nimeiona, na kwamba airudie.